Kulehemu Jembe Nyumbani: Makosa Yaletayo Hasara

Nchi ya Kibumba yajulikana kwa viazi na kabichi. Udongo wake ni mweusi wenye rutuba, lakini umejaa mawe ya volkano, na mawe hayo ni adui wa jembe. Jembe jipya hupiga jiwe leo, hupiga jiwe kesho, halafu siku moja hupasuka. Mtu asiye na fedha ya kununua jingine hutafuta jirani mwenye mashini ya kulehemu.

Siku hizi mashini hizo zimekuwa nyingi. Kijana akirudi kutoka machimbo ya Rubaya, katika Masisi, na fedha kidogo, huenda akanunua mashini ndogo na jenereta, akaanza kazi uani kwake bila ya kufundishwa. Jambo hilo si baya. Lakini mara nyingi twaona jembe lililolehemiwa Jumatatu limevunjika tena Jumatano, pale pale kando ya kiungo. Mwenye jembe husema, "Chuma hiki kibovu." Sivyo. Kosa li katika kazi iliyofanywa kabla ya moto na baada ya moto. Basi tuyatazame makosa hayo moja moja.

1. Chuma kichafu

Kutu, rangi, mafuta na udongo haviungani na chuma. Vikipata moto hutoa moshi, na moshi huo hufanya matundu ndani ya kiungo. Kwa nje kiungo chaweza kuonekana kizuri, na ndani ni kama sifongo. Yapasa kusugua chuma kwa tupa au brashi ya waya mpaka king'ae, upana wa vidole viwili kila upande wa ufa.

Tena usilehemu juu ya ufa tu. Kwanza toboa tundu dogo mwisho wa ufa, ili usizidi kwenda mbele. Halafu kata mfereji kwa tupa kuufuata ufa, wenye umbo la V, chuma kipate kuingia mpaka chini.

2. Vijiti vyenye unyevu

Vijiti vya kulehemu, vile watu wengi waviitavyo bageti, vimevikwa ganda. Ganda hilo likiungua hutoa hewa inayokinga chuma kilichoyeyuka, kisiharibiwe na hewa ya nje. Kibumba ni nchi ya baridi, mvua na ukungu, na ganda hunywa maji upesi. Kijiti chenye maji hurusha cheche nyingi, hutoa sauti ya kupasuka-pasuka, na huacha matundu.

Weka vijiti ndani ya kopo la bati lenye kifuniko cha kubana, na kopo likae mahali pakavu jikoni, si chini sakafuni. Vijiti vya kawaida vyenye alama 6013 vikiwa vimepata unyevu kidogo, vikaushe kwa moto wa digrii 100 hivi kwa muda wa saa moja. Lakini vile vyenye alama 7018 vyataka moto mkali zaidi, kupita digrii 300, na meko ya nyumbani hayafai kwa kazi hiyo. Kama ganda limebanduka, kitupe kijiti.

3. Moto usio kiasi

Umeme ukiwa mdogo, kijiti hunata, na chuma hukaa juu tu kama nta juu ya jiwe. Umeme ukizidi, bamba la jembe hutoboka. Kijiti cha milimita 2.5 chataka ampea 60 mpaka 90, na cha milimita 3.2 chataka 90 mpaka 130. Kwa bamba jembamba anza na kiasi cha chini, kisha ongeza kidogo kidogo.

Ncha ya kijiti iwe karibu na chuma, nafasi isizidi unene wa waya wa kijiti chenyewe. Kiinamishe kidogo, ukivute pole pole kwa mwendo mmoja. Ukimaliza mstari, gonga gamba lote na kusugua kwa brashi kabla ya kupitisha mstari wa pili, maana gamba likifunikwa hubaki ndani na kudhoofisha kiungo.

4. Kutia jembe majini

Hili ndilo kosa kubwa kupita yote. Wahunzi wa zamani walikuwa wakifua jembe kwa mvukuto na makaa, na wengine walitia makali majini ili yawe magumu. Walijua sababu, na walijua kulirudisha tena penye moto kidogo ili ugumu upungue. Kijana wa leo amekumbuka maji tu. Amalizapo kulehemu, hulichovya jembe ndani ya ndoo, nalo hulia "shwaa," naye hufurahi.

Chuma cha jembe, na zaidi kile cha springi ya gari, si laini kama cha nondo. Kikipoa ghafula huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kioo. Ndiyo maana jembe halivunjiki katikati ya kiungo, bali kando yake, mahali palipopata moto mkali na kupoa upesi.

Fanya hivi. Kabla ya kulehemu, pasha jembe juu ya makaa mpaka tone la maji likidondoshwa juu yake liruke na kukimbia. Lehemu mistari mifupi, upana wa vidole viwili, upumzike kidogo, kisha uendelee. Ukimaliza, lifukie jembe ndani ya majivu makavu yenye joto, uliache humo mpaka asubuhi. Majivu hayauzwi, kila nyumba inayo.

5. Macho, mapafu na uhai

Mwanga wa kulehemu huunguza macho, na maumivu huja baada ya saa kadhaa, usiku, kama mchanga machoni. Miwani ya jua haitoshi. Tumia kinga ya uso yenye kioo cheusi namba 10 au 11. Uwafukuze watoto wanaotazama, kwa sababu macho yao pia huungua. Aliyeungua asitie maziwa wala maji ya kiazi machoni. Akae gizani, aweke kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofungwa. Asipopona kwa siku mbili, au akiona ukungu, aende kwa mganga wa zahanati.

Mabati ya nyumba yamepakwa zinki. Watu wa Kibumba huyathamini kwa kuvuna maji ya mvua, kwa kuwa maji huzama upesi katika mawe ya volkano. Lakini bati likilehemiwa, zinki hutoa moshi mweupe uletao homa na kutetemeka usiku, mfano wa malaria. Mfereji wa bati uliotoboka, afadhali uuzibe kwa kipande na ripiti.

Pipa lililotiwa petroli au mazuti usililehemu kabisa, hata likionekana tupu. Harufu iliyobaki ndani yatosha kulipasua na kumwua mtu.

Usifanye kazi katika mvua wala juu ya ardhi yenye maji. Simama juu ya ubao mkavu, uvae viatu na glavu kavu za ngozi. Nyumba nyingi ni za mbao. Basi fanya kazi mbali nazo, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Jaribio la kujipima

Kabla ya kugusa jembe la mtu, chukua vipande viwili vya chuma kibovu, uviunge, kisha uvivunje kwa nyundo. Tazama ndani. Ukiona matundu, vijiti vina maji au chuma kilikuwa kichafu. Ukiona weusi, hukutoa gamba. Ukiona vipande vimeachana bila kushikana, moto ulikuwa mdogo. Rudia mpaka ndani pawe pamoja, bila pengo.

Kazi hii huchukua muda wa asubuhi moja na vijiti vichache. Lakini jembe likivunjika wakati wa kupanda viazi, mvua haimngojei mwenye jembe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nawe ukiziba, ziba kwa njia iliyo sawa.