Kompyuta Moja, Watumiaji Wengi: Nani Ashike Funguo?



Wengi wetu hapa Uingereza tunakaa nyumba moja watu wanne watano, na laptopu moja inapita mikono mingi. Huyu anaandika tasnifu, yule anaangalia mpira, mgeni wa wikiendi anataka kuongea na nyumbani. Wote wanaingia kwa akaunti ileile, na akaunti yenyewe ni ya msimamizi! Mimi kama mtu wa uhandisi naona tulizungumze hili.

Msimamizi ni kama mwenye nyumba aliyeshika funguo zote. Anaweka programu, anazima kinga ya virusi, anafungua mafaili ya wenzake, hata kufuta akaunti zao. Mtumiaji wa kawaida ni mpangaji: ana chumba chake na kazi zake zote anafanya, ila hawezi kubomoa ukuta.

Jamani, usimamizi si cheo. Tangu 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe uwezo mdogo kabisa unaotosha kazi yake. Kwa nini? Kwa sababu programu unayoifungua inatumia uwezo wako. Kweli, Windows tangu Vista ya 2007 huuliza kwanza, lakini msimamizi anatakiwa kubonyeza "Yes" tu, na mazoea ni kubonyeza bila kusoma. Mtumiaji wa kawaida anadaiwa neno la siri la msimamizi. Hapo ndipo mtu anasita.

Kwenye Windows 11, akaunti ya kwanza unayofungua huwa ya msimamizi. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Nenda "Settings", "Accounts", "Other users", ongeza akaunti mpya.
2. Kwa "Change account type", ifanye "Administrator".
3. Toka, ingia kwa hiyo mpya, uhakikishe inafanya kazi.
4. Ukiwa humo, geuza akaunti yako ya zamani iwe "Standard User". Mafaili yako yatabaki palepale.
5. Kila mwenzako mfungulie akaunti yake ya kawaida.

Wa Ubuntu, mtumiaji wa kwanza ndiye mwenye ruhusa ya sudo; wengine waongeze bila ruhusa hiyo.

Ila tusidanganyane: virusi vikiingia kwenye akaunti ya kawaida bado vinaweza kuharibu mafaili ya mwenye akaunti. Tasnifu iwe na nakala nje ya kompyuta.

Mwisho, kompyuta ya chama. Mle mna majina na anwani za wanachama. Wawepo wasimamizi wawili, kila mmoja na akaunti yake, ili mmoja akimaliza masomo na kurudi nyumbani tusibaki nje ya mlango. Na uongozi ukibadilika, akaunti ya anayeondoka ifungwe siku hiyohiyo. Si kwamba hatumwamini. Funguo hukabidhiwa pamoja na nyumba.

Masomo mema.