Hong Kong Usiku: Juu Kabisa, Bora Kabisa, na Bia ya Dukani

Kwenye ghorofa ya 118 ya jengo la ICC, upande wa Kowloon Magharibi, kuna baa inayoitwa Ozone. Ilipofunguliwa mwaka 2011 pamoja na hoteli ya Ritz-Carlton, ilitangazwa kuwa baa iliyo juu kuliko zote duniani. Mwaka 2021 Shanghai ilijibu: Heavenly Jin, ghorofa ya 120 ya Shanghai Tower, iliingia kwenye rekodi za Guinness kwa mita 556.36, ingawa rekodi hiyo ni ya mgahawa. Mpenda hesabu atasema pia kwamba ICC ina ghorofa 108 tu, kwa kuwa baadhi ya namba zenye nne zimerukwa, nne ikiaminika kuleta nuksi ya kifo. Hayo yote hayaipunguzii Ozone chochote. Jioni isiyo na mawingu, bandari ya Victoria nzima iko chini ya miguu yako, na meli zinaonekana kama punje za mchele. Nenda kati ya Oktoba na Desemba, anga inapokuwa safi. Machi na Aprili ukungu unaweza kukufanya ulipie kinywaji ghali ukitazama weupe mtupu. Mwanamume asiende na kaptula wala kandambili, maana atarudishwa mlangoni.

Rekodi karibu zote za starehe za Hong Kong zina mzizi mmoja: ardhi ni haba. Milima imeusukuma mji hadi ukingoni mwa bahari, basi majengo yamepanda juu, na kodi ya pango imepanda nayo. Ndiyo maana mgeni hushangaa kusikia kwamba tangu mwaka 2008 bia na mvinyo havitozwi ushuru hata kidogo, kisha aletewe bili inayomtoa jasho, tena imeongezwa asilimia 10 ya huduma. Anacholipia zaidi ni ile nafasi aliyokalia. Pombe kali ndiyo hutozwa ushuru, na ulikuwa asilimia 100 ya thamani hadi Oktoba 2024, ulipopunguzwa kwa chupa za bei ya juu.

Kwa ubora, hakuna mji wa Asia uliovuma kama huu miaka ya karibuni. Katika orodha ya Asia's 50 Best Bars, Coa ilishika nafasi ya kwanza mwaka 2021, 2022 na 2023, kisha Bar Leone ikaipokea 2024 na 2025. Miaka mitano mfululizo, mji uleule. Oktoba 2025 Bar Leone ikatajwa ya kwanza duniani, heshima ambayo hakuna baa ya Asia iliyowahi kuipata kabla. Zote mbili ni ndogo na ziko kwenye vichochoro vya eneo la Central. Coa ilijijengea jina kwa vinywaji vya mkonge wa Meksiko, tekila na meskali. Bar Leone, ya Mwitalia Lorenzo Antinori, huandaa kokteli zinazojulikana na kila mtu, na pembeni hukuwekea zeituni zilizofukizwa moshi. Foleni ni ndefu. Fika mapema, la sivyo utasimama barabarani saa nzima ukiwatazama waliokuwahi.

Kupanda huko hakuhitaji teksi. Ngazi za umeme za Central hadi Mid-Levels, zilizozinduliwa mwaka 1993, zina urefu wa takriban mita 800 na ndizo mfumo mrefu kuliko yote duniani wa aina hiyo ulio nje na kuezekwa. Asubuhi hushuka na wafanyakazi, na kuanzia saa nne asubuhi hadi usiku wa manane hupanda. Hazilipiwi hata senti, na pande zote mbili za mtaa wa Hollywood Road utapita karibu na baa kiasi cha kusikia vicheko vya waliokaa ndani.

Mtaa uliobanana na kuvuma kuliko yote ni Lan Kwai Fong. Disko iitwayo Disco Disco ilianza hapo mwaka 1978, na mwaka 1983 Allan Zeman akafungua mgahawa wa California, kisha akaendelea hadi jina lake na la mtaa yakawa kama kitu kimoja. Ni mahali pafupi, pa mteremko, na umati hunywa na kucheza nje kwenye lami. Dakika chache baada ya saa sita usiku, Mwaka Mpya wa 1993, watu walioteleza kwenye mteremko ule ulioloa bia waliangukiana, na 21 wakafa, wengi wao vijana. Jaji Kemal Bokhary aliongoza uchunguzi. Tangu hapo, usiku wa sikukuu, polisi huzuia magari, huweka vizuizi na kuwaelekeza watu watembee upande mmoja. Oktoba 2022, kwenye kichochoro cha mteremko kule Itaewon, Seoul, umati ulibanana vivyo hivyo na watu 159 wakapoteza maisha. Kwa hiyo polisi wa Hong Kong akikuambia zunguka, zunguka. Usimwone msumbufu.

Kiingilio nafuu kuliko vyote ninavyovijua ni cha uwanja wa mbio za farasi wa Happy Valley: dola 10 za Hong Kong. Jumatano usiku, kati ya Septemba na Julai, kuna bia na muziki, na farasi wanapita mbele yako chini ya taa, huku maghorofa yameuzunguka uwanja pande zote. Si lazima ucheze kamari. Mimi ningeanza hapo kabla ya klabu yoyote.

Na kwa mchanganyiko wa watu, hakuna linaloifikia Chungking Mansions, jengo la mwaka 1961 kwenye barabara ya Nathan, Tsim Sha Tsui. Mwanaanthropolojia Gordon Mathews, aliyeandika kitabu juu yake mwaka 2011, alikuta kwenye daftari za nyumba zake za wageni watu wa mataifa 129. Wafanyabiashara wa simu kutoka Tanzania, Kenya na Kongo wamelala humo miaka na miaka, na Kiswahili husikika kwenye foleni ya lifti. Kunywa barabarani hakukatazwi mjini humu, hivyo bia ya baridi kutoka duka la 7-Eleven la jirani ndiyo baa ya wengi wao. Huko ndiko utapata habari za kweli za mji: bei ya simu, hoteli isiyo na kunguni, klabu ya kuikwepa. Wanaonunua kopo moja na kusimama na wenzao hawapungukiwi na kitu mbele ya yule aliyeko ghorofa ya 118.

Treni za MTR husimama karibu saa saba usiku, isipokuwa sikukuu chache, kama mkesha wa Mwaka Mpya, zinapokwenda hadi asubuhi. Feri za Star Ferry, zinazovuka bandari, huacha mapema zaidi, kabla ya saa sita. Ukichelewa upande usio wako, panda basi lenye herufi N, linalovuka kwenye handaki chini ya bandari, au minibasi nyekundu, na uwe na chenji mkononi.