Mwanagenzi wa saikolojia asiachwe pekee wodini

Hakuna mzazi ambaye angekubali mwanawe apasuliwe na mwanafunzi wa udaktari pasipo daktari mkongwe kusimama kando. Lakini ni wachache wanaouliza ni nani anayemsimamia mwanafunzi wa saikolojia anapoketi na mgonjwa aliyejaribu kujitoa uhai. Yamkini ni kwa sababu kisu huonekana ilhali neno halionekani. Hata hivyo, neno likitamkwa vibaya hujeruhi vilevile.

Swali hili lina uzito zaidi sasa. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Uamuzi huo ni wa busara. Lakini mtu ambaye hastahili kupelekwa korokoroni sharti apelekwe mahali pengine, na mahali penyewe ni hospitali. Je, atampata nani huko?

Darasani mwanafunzi husoma nadharia. Hospitalini hukutana na mtu. Mgonjwa haji akiutaja ugonjwa wake kwa jina. Husema, "Nafikiria sana," au, "Moyo wanienda mbio usiku." Mwanagenzi, aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni, hana budi kupambanua: je, hii ni huzuni ya kufiwa, ni maradhi ya akili, au ni tezi ya shingo iliyovurugika na inayohitaji kipimo cha damu? Papo hapo hujifunza kutumia vipimo vya kumbukumbu na fikra, kuandika ripoti ambayo daktari na muuguzi wataielewa, na, lililo muhimu zaidi, kutambua ujuzi wake unapokomea. Mambo haya hayafundishiki ubaoni.

Mhimili wa mafunzo hayo ni msimamizi. Huyu huketi na mwanagenzi kila juma wakapitia kazi yake kikao baada ya kikao: kwa nini ulinyamaza hapa? Mbona hukumuuliza mgonjwa kama ana mpango wa kujidhuru? Aidha humsaidia kuutua mzigo wa simanzi anazozisikia, maana hata msikilizaji hulemewa. Pasipo msimamizi, daftari la saa litajazwa na kupigwa muhuri, lakini itakuwa ni kuteka maji kwa pakacha.

Fikra hii si ngeni. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Marekani ilijikuta na maelfu ya askari waliorejea na majeraha ya nafsi. Mwaka 1946, idara iliyowahudumia askari hao ilianza kuwafunza wanasaikolojia katika hospitali zake huku ikiwalipa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1949, wataalamu walikutana mjini Boulder, katika jimbo la Colorado, wakaafikiana kuwa mwanasaikolojia wa tiba awe mtafiti na mtendaji kwa pamoja, na kwamba mwaka mzima wa uanagenzi uwe sehemu ya masomo yake.

Nasi hatukosi pa kuanzia. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilianza kuwatunza wagonjwa wa akili mwaka 1910, na Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ilipitishwa mwaka 2014. Kinachopungua ni usawa. Daktari mwanagenzi hupangiwa hospitali na Wizara ya Afya kwa mwaka mmoja na hutazamia malipo. Malipo hayo yalikuwa miongoni mwa viini vya mgomo wa siku 56 mwaka 2024. Mwanagenzi wa saikolojia aghalabu hujitafutia nafasi mwenyewe, na baadhi ya hospitali humtoza ada ili awafanyie kazi.

Wapo watakaosema kuwa fedha hazitoshi. Naam, hazitoshi. Lakini mgonjwa asiyesikilizwa vyema hurudi wodini mara kwa mara, na gharama yake hubebwa na hospitali iyo hiyo. Isitoshe, yapo mambo yasiyosubiri bajeti. Chuo kisipokee wanafunzi wengi kuliko wasimamizi kilio nao. Mwalimu asitie sahihi saa ambazo hakuzisimamia yeye wala mwenzake. Nawe mwanafunzi, ukiachiwa mgonjwa anayezungumzia kifo, usione haya kutoka ukamwite aliyekutangulia. Huo si udhaifu. Ndio mwanzo wa ujuzi wenyewe.

Serikali nayo iwaingize wanagenzi wa saikolojia katika mpango uo huo wa madaktari, wakiwa na wasimamizi, mahali pa kazi na posho. Tumekwisha kukubali kisheria kwamba nafsi huugua kama mwili. Iliyobaki ni kuwaandaa watabibu wake kwa uangalifu uo huo.