Vitambaa vya Kufuma: Kabla Hujataja Bei, Pima Kwanza



"Dada, unafuma vizuri hivi, kwa nini usiuze?" Wengi wanaouza vitambaa vya kufuma mtandaoni wameanzia hapo. Ulikuwa unafuma jioni watoto wakishalala, ukatandika seti kwenye makochi yako, mgeni akaisifu, mwingine akaomba umfumie, ukapiga picha ukaiweka WhatsApp. Leo una oda tatu, vidole vinauma, na mwisho wa mwezi ukitafuta hela ya vitambaa huioni. Kitu ulichokuwa unakifanya kujipumzisha kimegeuka kibarua, tena kibarua ambacho bosi ni wewe mwenyewe na mshahara hujajilipa.

Leo tuongelee hesabu ya kazi ya mkono. Nitatumia vitambaa vya makochi, ila anayesuka mikeka, anayetunga shanga au anayeshona mito anaweza kuichukua hesabu hii hii akabadilisha majina tu.

UZI UNAPIMWA KWA GRAMU

Kosa ninaloliona sana ni mtu kusema "nimetumia kama mabonge mawili hivi". "Kama" hiyo ndiyo inayokula faida. Uzi unauzwa kwa uzito, na wenye lebo umeandikwa gramu zake. Ukimaliza kitambaa, kiweke kwenye mzani wa jikoni. Huna mzani? Peleka duka wanalopima viungo, watakupimia bure na pengine utapata mteja hapo hapo. Kikiwa na gramu 80, na bonge la gramu 100 ulinunua sh. 5,000, basi kila gramu ni sh. 50 na uzi wa kitambaa hicho ni sh. 4,000. Hakuna kukisia.

Muda nao unapimwa. Huhitaji kukaa na saa mkononi kazi nzima. Fuma ua moja, au mzunguko mmoja, huku saa ya simu ikihesabu, kisha zidisha. Ila pima siku ya kawaida, ile ambayo mtoto anakuita mara kumi na maharage yako jikoni, kwa sababu hizo ndizo siku utakazofumia oda.

Sasa tuweke hesabu mezani. Bei hizi ni za mfano, weka za kwako.

Kitambaa kimoja cha mgongo wa kochi: uzi 4,000, mfuko 500, bando na makato ya kutoa hela 500. Jumla 5,000. Kufuma saa 6, kuosha na kukinyoosha nusu saa, kupiga picha na kujibu wateja saa 1. Jumla saa 7 na nusu. Ukikiuza 15,000 unabaki na 10,000. Gawanya kwa saa zako, unapata kama sh. 1,333 kwa saa.

Yule yule mteja anakuja, "nataka seti ya vipande saba, nifanyie 60,000". Elfu sitini kwa mkupuo! Moyo unaruka. Subiri. Uzi wa vipande saba ni 28,000. Mfuko mkubwa, bando na makato tuseme 4,000. Unabaki na 28,000. Kufuma ni saa 42, kuosha vyote kwa pamoja saa 2, kuchati saa 1, jumla saa 45. Gawanya: sh. 622 kwa saa. Umepokea hela nyingi zaidi mkononi na umejilipa chini ya nusu ya ulivyojilipa kwenye kile kimoja. Ili ubaki kwenye kiwango kile kile, seti ile ilitakiwa kuwa 92,000.

Sisemi usipunguze bei ya seti. Punguza, lakini punguza kwenye kile kilichopungua kweli. Ukifuma vipande saba, kuchati hakujawa mara saba, mfuko haujawa mara saba, kuosha kumerahisika. Hapo ndipo penye nafasi: bei ya vipande saba kimoja kimoja ingekuwa 105,000, na ukitoa punguzo hadi 92,000 hujaumia hata kidogo. Saa za kufuma hazipungui. Ua la saba linachukua muda ule ule wa ua la kwanza.

Na hesabu hii inakupa jibu lingine ambalo wateja hulitaka kuliko bei: lini? Saa 45, ukifuma saa mbili kila jioni, ni karibu jioni 23. Ukimwambia mtu "wiki moja" umeshamdanganya kabla hujashika sindano. Mwambie mwezi mmoja, ukimaliza mapema atakusifia.

"MBONA GHALI? SOKONI IPO YA ELFU TANO"

Ipo kweli. Ile ya elfu tano mara nyingi ni lesi ya kiwandani. Na hapa kuna jambo ambalo wafumaji wengi hawalijui, kwa hiyo hawaliambii wateja wao. Sweta inafumwa kwa mashine, viwanda vipo tele. Kroshia ya kweli, ile ya sindano moja yenye ndoano, bado ni kazi ya mkono. Mashine zinatengeneza vitu vinavyofanana nayo kwa mbali, lakini namna ndoano inavyoingia kwenye tundu, kuvuta uzi na kufunga kitanzi kimoja kimoja, mashine haijaichukua nafasi yake. Kila kitambaa cha kroshia ulichowahi kukiona, kuna mtu alikaa chini akakifuma.

Watu wa pwani hili wanalielewa bila kufundishwa, kwa kofia. Kofia ya mashine na kofia ya mkono ya Zanzibar au Lamu zote zinafunika kichwa. Ya mkono, yenye vitundu vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, inachukua wiki kadhaa na mara nyingine miezi. Hakuna mzee anayesimama kuuliza mbona hailingani bei na ile ya mashine. Anaigeuza, anaangalia ndani, anajua.

Kwa hiyo usishindane na lesi kwa bei, utashindwa. Onyesha upande wa nyuma wa kitambaa kwenye picha. Weka video fupi ya sekunde kumi, mkono na ndoano tu. Andika saa zilizotumika. Mteja wa elfu tano ataondoka, mwache aende, hakuwa wako.

UJUE UZI UNAOUZA

Mteja akishanunua, sifa yako iko kwenye uzi. Uzi wa pamba unavumilia pasi na kuoshwa. Ule uzi laini wa sweta, ambao mara nyingi ni akriliki, hauipendi pasi kabisa. Joto linauyeyusha kidogo, kitambaa kinalegea, kinapata mng'ao, na hakirudi tena kilivyokuwa. Kama umetumia akriliki, andika kikaratasi uweke ndani ya mfuko: usipige pasi. Maneno mawili tu, yanakuokoa na simu ya saa nne usiku.

Umenunua uzi usio na lebo na muuzaji anaapa ni pamba? Kata kipande kifupi, kishike kwa kibano juu ya sinki, kichome. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inaacha jivu jepesi. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Fanya ukiwa peke yako, watoto wasiige.

Halafu rangi. Kwenye lebo utaona namba ya rangi na pembeni namba nyingine, ya mkupuo wa kutia rangi. Mabonge mawili yenye namba moja ya rangi lakini mikupuo tofauti yanaweza kupishana kidogo, na dukani hutaona. Utaona ukishatandika kochi, juani, kipande cha nne kimepauka kuliko vingine. Kwa seti yetu ya gramu 560 unahitaji mabonge sita. Nunua saba, ya mkupuo mmoja, siku moja. Bonge la akiba litafumia vikombe na vitu vidogo, halipotei. Na mteja anayesema "nianzie vipande vinne, vitatu nitaongeza mwezi wa pili" mwambie mapema kwamba rangi inaweza isifanane.

Kitu kingine kidogo: mkono unabadilika. Ukiwa na hasira unakaza, ukiwa unaangalia tamthilia unalegeza. Ndiyo maana vipande viwili vya mchoro mmoja vinatofautiana kwa sentimita mbili. Pima kila kipande kwa rula kabla ya kuhamia kingine, usisubiri hadi cha saba. Tofauti ndogo inarekebishika ukiosha, ukikivuta kingali kibichi na kukibana kwa pini juu ya godoro au taulo mpaka kikauke. Kwa pamba unaweza kutia wanga mwepesi kisimame vizuri. Wapo wanaotumia maji ya sukari. Kinasimama kweli, na sisimizi wanakuja kweli.

ODA NA HELA YA KWANZA

Kwenye oda, chukua malipo ya awali yasiyopungua bei ya uzi wote, na ikiwezekana nusu ya bei. Rangi ya maziwa au nyeupe mteja akitoroka utaiuza kwa mwingine. Seti ya rangi ya haradali yenye ukingo wa zambarau, aliyoitaka ilingane na pazia zake, ni yake peke yake duniani. Asipolipa kwanza, usianze.

Oda zikizidi uwezo, usikeshe. Gawanya kazi. Huko Ayalandi wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1840, familia nyingi zilipata chakula kwa kufuma kroshia ya kuuza, na ile kazi yao ilifumwa vipande vipande: huyu anafuma maua, huyu majani, mwingine anaunganisha kwa wavu. Mnaweza kufanya hivyo watu watatu wa mtaa mmoja. Anayeunganisha awe yule mwenye mkono unaofanana siku zote, na malipo yahesabiwe kwa ua, si kwa "tutaona tukishauza". Hiyo "tutaona" imevunja vikundi vingi kuliko uhaba wa wateja.

WIFI, SHANGAZI NA JIRANI

Hapa ndipo pagumu. Wifi anataka seti kwa bei ya uzi, "si unafuma tu ukiwa umekaa?" Maoni yangu, na wengine watanipinga: kwa ndugu kuna zawadi au kuna bei kamili, katikati pasiwepo. Ukimpa zawadi, unachagua wewe nini na lini, na unashukuriwa. Ukimuuzia kwa nusu bei, unafanya kazi ya mwezi mzima huku umenuna, na yeye anaamini amelipa. Wifi akitaka seti saba, mpe kitambaa kimoja kizuri cha meza siku ya sherehe yake, na seti mtajie bei kama unavyomtajia mteja, kwa heshima, bila kucheka cheka.

Shali la mtoto mchanga ni kundi lake. Hili wengi hufuma kwa mapenzi na ndilo linaloombwa sana baada ya picha. Ukiamua kuliuza, badilisha mchoro: matundu madogo, kwa sababu vidole vya kichanga vinanasa kwenye matundu makubwa. Nyuzi za mwisho zifichwe ndani vizuri. Na midoli ya kufuma isiwe na macho ya vifungo wala shanga kwa mtoto mdogo, yakichomoka anameza. Darizi macho kwa uzi.

Na acha kazi moja isiyouzwa. Moja tu, kwenye kikapu chake, uzi unaoupenda wewe, bila tarehe. Usiipige picha. Ukiipiga picha mtu atauliza bei, na wewe utaitaja, nakujua.

Picha za bidhaa nimeziacha mwisho kwa sababu mnazijua: mwanga wa dirishani asubuhi, bila taa ya simu, kitambaa kikiwa juu ya kochi la kweli, na kikombe pembeni ili mtu aone ukubwa. Andika urefu na upana kwa sentimita. "Saizi ya kawaida" kila nyumba ina ya kwake.

Kama una kipande ulichomaliza wiki hii, kipime, kisha andika hapo chini gramu, saa, bei ya uzi na bei uliyouzia. Tutakokotoa pamoja kwenye komenti, moja moja, na atakayetaka kuficha bei aje inboksi.