Damu Iliyokosa Njia

Binti wa miaka 14 ameota matiti, kimo kimeongezeka, lakini hajavunja ungo. Kila mwezi tumbo la chini humkaza siku kadhaa, likatulia, kisha maumivu yakarudi makali zaidi. Nyumbani wanasema ni chango. Tumbo likianza kujaa, majirani wananong'ona kuhusu mimba. Mkojo ukiziba, anatibiwa kibofu. Kumbe ovari zake ni nzima na hedhi anaipata kama wenzake. Damu ndiyo haina pa kutokea.

Mara nyingi kinachoziba ni kizinda kisicho na tundu. Daktari akitazama tu anaona utando uliotuna, wenye rangi ya samawati kwa damu iliyojaa nyuma yake, na upasuaji mdogo unatosha. Adimu zaidi, na chenye hatari zaidi kikipasuliwa kwa haraka, ni ukuta uliokingama ndani ya uke. Makadirio ya kawaida ni msichana mmoja kati ya 30,000 hadi 80,000.

Ukuta huu huanza mtoto angali tumboni mwa mama. Sehemu ya juu ya uke hutokana na mirija ya Müller, iliyopewa jina la Johannes Müller, mwanasayansi Mjerumani aliyeieleza mwaka 1830. Sehemu ya chini huota kutoka upande wa njia ya mkojo. Zikikutana huwa ni nyama iliyoshikana. Seli za katikati hufa ili uwazi upatikane. Zisipokufa zote, njia inabaki imefungwa.

Hapa namsihi daktari asikimbilie kisu. Ukuta wenye unene unaozidi sentimita 1 ukipasuliwa kwa pupa, makovu huubana uke. Kunyonya damu kwa sindano nako hukaribisha vijidudu, na ukuta unabaki palepale. Kwanza kipimo cha MRI kionyeshe unene wake, na kama mlango wa kizazi upo, maana wapo waliozaliwa bila huo, na matibabu yao ni mengine kabisa. Wakati wa kusubiri, dawa za homoni husimamisha hedhi na maumivu.

Kusubiri bila dawa ni hatari: damu hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi, ikaleta endometriosisi, yaani tishu kama za ndani ya mji wa mimba kuota nje yake, na kutishia uwezo wa kuzaa.

Baada ya upasuaji wa ukuta mnene, mara nyingi binti huhitaji kutumia vipanuzi kwa miezi ili uke usisinyae. Kazi hiyo ataifanya mwenyewe faraghani, kwa hiyo aelezwe yeye, ana kwa ana, kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Kumweleza mama yake peke yake hakutoshi.