Betri ya lithiamu kwenye pikipiki: pima kabla ya kununua

Ukiingia duka la vipuri kutafuta betri ya pikipiki, huenda muuzaji akakuonyesha mbili: ya kawaida, na nyingine ndogo, nyepesi na ya bei ya juu zaidi. Hiyo ya pili ni ya lithiamu. Utaambiwa inadumu na haina maji ya asidi. Hayo ni kweli. Hata hivyo, betri hiyo hiyo inaweza kuharibika mapema, au hata kushika moto, ikifungwa kwenye pikipiki ambayo mfumo wake wa kuchaji una hitilafu.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la uzimaji moto na la uondoaji wa takataka. Betri zinahusika katika yote mawili. Ndiyo maana tunawaeleza wakazi, hasa wahudumu wa bodaboda, mambo ya kukagua kabla ya kubadilisha. Makala haya yanahusu betri ya kuwashia injini ya pikipiki ya petroli, si ile kubwa inayoendesha pikipiki ya umeme.

Tofauti ya betri hizi mbili

Betri ya kawaida hutengenezwa kwa madini ya risasi na asidi. Ndani yake mna vyumba sita, kila kimoja kikitoa takriban volti 2. Ikiwa imejaa na imepumzika, husoma kati ya volti 12.6 na 12.8.

Betri ya lithiamu iliyotengenezewa pikipiki huwa na seli nne za aina inayoandikwa LiFePO4 au LFP. Kila seli hutoa volti 3.2, jumla 12.8. Ikiwa imejaa na imepumzika husoma takriban volti 13.3. Kwa hivyo ukiipima ukakuta 12.8, usidhani imejaa kama ile ya kawaida. Umeme uliobaki humo ni kidogo.

Tofauti kubwa iko kwenye uvumilivu. Betri ya risasi ikichajiwa kupita kiasi huchemka, hupoteza maji na kuzeeka polepole. Ya lithiamu haina maji ya kuongezwa. Kiwango chake cha juu ni volti 14.6, na ikishuka chini ya volti 10 seli huanza kuharibika. Mipaka hiyo miwili isivukwe.

Kipimo cha kwanza: pikipiki inachaji vipi?

Kabla ya kutoa pesa, mwombe fundi apime mfumo wa kuchaji kwa mita. Ni kazi ya dakika chache. Hakikisha betri iliyopo ina nguvu, kwa sababu betri iliyokufa hupotosha kipimo. Injini iwashwe, mita iwekwe kwenye vichwa viwili vya betri, kisha moto uongezwe hadi mwendo wa kawaida wa barabarani. Pima taa zikiwa zimezimwa, halafu zikiwa zimewashwa.

Mita ikisoma kati ya volti 13.6 na 14.5, mfumo uko sawa.

Ikisoma chini ya 13.5, betri ya lithiamu haitajaa vizuri. Huenda koili ya kuzalisha umeme imechoka, au waya na viunganishi vimeshika kutu.

Ikipita 14.6, usifunge lithiamu. Kifaa kinachodhibiti volti, ambacho mafundi hukiita regulata, kina kasoro. Kirekebishwe kwanza. Balbu zinazoungua mara kwa mara ni dalili mojawapo ya tatizo hili.

Mara nyingi betri hulaumiwa ilhali kosa ni la regulata. Mwenye kubadilisha betri bila kupima hununua ya pili, kisha ya tatu, na tatizo libaki pale pale.

Kipimo cha pili: nini kinakula umeme pikipiki ikiwa imezimwa?

Pikipiki nyingi sasa zina kengele ya wizi au kifaa cha kufuatilia ilipo, hasa zilizonunuliwa kwa mkopo. Vifaa hivyo hutumia umeme kidogo mchana na usiku. Tuchukue mfano wa kifaa kinachotumia miliampia 20. Kwa saa 24 kitakuwa kimekula karibu nusu ya ampia-saa. Betri yenye ampia-saa 5 ingemalizwa kwa takriban siku 10. Yenye ampia-saa 2 ingemalizwa kwa siku nne.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanaponaswa. Baadhi ya betri za lithiamu huandikwa ampia-saa 6 zikilinganishwa na za risasi, yaani zina nguvu ya kuwasha injini kama betri ya risasi ya ampia-saa 6, lakini umeme ulio ndani ni ampia-saa 2 tu. Muulize muuzaji uwezo halisi, na utafute idadi ya Wh kwenye kibandiko. Gawanya idadi hiyo kwa 12.8. Kwa mfano, Wh 25.6 ni ampia-saa 2.

Kama pikipiki hulala siku kadhaa bila kuendeshwa, chagua betri yenye uwezo halisi mkubwa. Usikate waya za kifaa cha kufuatilia bila kuzungumza na aliyekukopesha.

Jihadhari na betri za kuungaunga

Zipo betri zinazoundwa kwa seli zilizotolewa kwenye kompyuta kuukuu. Seli hizo kwa kawaida si za LFP. Kila moja hujaa ikifika volti 4.2. Tatu zikiunganishwa hujaa kwa volti 12.6, na kwa macho zinaonekana kulingana kabisa na pikipiki. Lakini pikipiki huchaji kwa volti 14 na zaidi. Kila seli hapo inasukumiwa karibu volti 4.7, kiwango kinachoweza kuifanya ifure, itoe moshi na kulipuka.

Nunua betri yenye maandishi LiFePO4 au LFP, yenye kidhibiti cha ndani kinachoitwa BMS, ambacho hukata umeme volti zikizidi au zikipungua mno na kusawazisha seli. Angalia pia alama ya ubora ya KEBS, na udai risiti na dhamana ya maandishi. Kidhibiti hicho ni kinga ya dharura. Hakiwezi kuwa badala ya regulata nzima. Kikikata umeme injini ikiwa inanguruma, volti zinaweza kupanda ghafla na kuunguza balbu na vifaa vingine.

Kuifunga

Zima injini. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Unapofunga betri mpya, anza na chanya, umalize na hasi. Thibitisha pande zote mbili kabla ya kukaza, maana kuzigeuza kunaweza kuua betri na regulata papo hapo.

Betri ya lithiamu mara nyingi ni ndogo kuliko nafasi iliyopo. Ijazie kwa sponji ngumu ili isichezecheze kwenye barabara za murram. Isiguse chuma chenye makali wala kukaa karibu na ekzosi. Fyuzi ibaki ile ile iliyowekwa na mtengenezaji. Usiiruke kwa kipande cha waya. Ukimaliza, rudia kipimo cha volti injini ikiwa imewashwa.

Kuichaji nyumbani

Tumia chaja ya LFP ya volti 12, inayokomea 14.6. Baadhi ya chaja za betri za risasi hupiga volti za juu ili kufufua betri iliyokufa. Hizo haziifai lithiamu.

Usiichaji kwenye chumba unacholala, juu ya godoro, wala mlangoni pa kutokea. Ikifura, ikipata joto lisilo la kawaida au ikitoa harufu ya kemikali, usiendelee kuitumia. Iwapo inatoa moshi au imeshika moto, usiibebe. Toa watu wote nje, kaa mbali na moshi kwa sababu una sumu, na upige simu 999 au 112.

Je, inakufaa?

Kupungua kwa uzito kwa kilo moja hivi hakutahisiwa na anayebeba abiria na gunia la viazi. Faida kwa mhudumu wa bodaboda ni muda wa kudumu: lithiamu huchajiwa na kutumika mara nyingi zaidi. Faida hiyo hupatikana pale tu ambapo mfumo wa kuchaji ni mzima na pikipiki inatumika kila siku.

Kama pikipiki yako ni ya zamani, inachaji kwa kusuasua na unaiwasha kwa kiki, betri nzuri ya risasi iliyofungwa kabisa inakutosha. Pesa zitakazobaki zitengeneze koili na waya.

Betri kuukuu usiitupe

Betri ya risasi uliyoitoa ni taka hatari. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika kwa risasi iliyotoka kwenye kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu jirani na nyumba zao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mzozo wa kisheria ukaendelea hadi Mahakama ya Juu.

Usimwage asidi kwenye mtaro, usipasue betri nyumbani, na usimpe mtu anayeyeyusha risasi uani. Irudishe kwa muuzaji wa betri anayepokea kuukuu, au kwa mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA. Kwa kuwa ina thamani, uliza bei yake kabla ya kununua mpya. Betri ya lithiamu iliyokufa nayo isitupwe kwenye pipa la taka wala kuchomwa. Funika vichwa vyake kwa utepe wa umeme, uiweke mahali pakavu mbali na watoto, na uulize katika ofisi ya msimamizi wa wadi yako mahali pa kuipeleka.