Aina nyingi za mboga, kinga ya bustani ya mtaani

Kwa wakazi wengi wa Kayole, Dandora, Umoja na Komarock, bustani ni magunia machache kando ya ploti. Magunia yote yakipandwa mboga ya aina moja, ugonjwa unaoua mmea mmoja unaweza kuua yote, na familia ikakosa mboga ya jioni.

Sababu iko ndani ya mbegu. Kila mmea una jeni, yaani urithi unaoamua iwapo utastahimili ukame, wadudu au magonjwa. Mimea yenye jeni zinazofanana huwa na udhaifu uleule. Nchini Ireland, ugonjwa wa bakajani chelewa ulivamia viazi vya aina chache mwaka wa 1845, na katika miaka iliyofuata watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi.

Watafiti hutumia tofauti za jeni kuzuia hasara kama hiyo. Huchavusha mmea unaostahimili ugonjwa na ule wenye mazao mazuri, kisha huchagua miche yenye sifa zote mbili, kizazi baada ya kizazi. Mkulima wa pasheni naye huunganisha pasheni ya zambarau juu ya shina la pasheni ya manjano, kwa kuwa mizizi ya manjano hustahimili mnyauko.

Tofauti hizo zikipotea, hazirudi. Ndiyo maana benki ya jeni ya taifa iliyoko Muguga, iliyoanzishwa mwaka wa 1988, huhifadhi mbegu, zikiwemo za mboga za kienyeji.

Mkazi anaweza kuchukua hatua hizi:

• Apande terere, saga, kunde na managu pamoja na sukuma wiki.

• Akihifadhi mbegu za kienyeji, azitoe kwa mimea mingi yenye afya, si mmoja tu.

• Asihifadhi mbegu za chotara, kwani miche yake haitafanana na mmea mama.

• Nyanya zikinyauka kwa bakteria, ang'oe mimea hiyo na asipande managu, biringanya, pilipili wala viazi katika udongo huo. Zote ni za ukoo mmoja na nyanya.

Kilimo cha mjini kinatambuliwa na sheria ya Kaunti ya Jiji la Nairobi ya mwaka wa 2015. Kwa ushauri zaidi, wakazi wamwone afisa wa kilimo wa kaunti ndogo yao.